Kumfunza farasi kwa tuzo si kumhonga

Shida ilikuwa mguu wa nyuma wa kushoto. Zuhura, farasi wangu jike, miguu ya mbele aliitoa bila tabu, lakini ukiugusa huo wa nyuma aliunyakua na kuupiga chini kwa nguvu. Siku hiyo nilikuwa nimeinama ubavuni mwake. Nikateremsha kiganja taratibu kutoka kiunoni hadi pajani, nikasimama, nikashuka tena. Akahamishia uzito upande wa pili, na ukwato ukanyanyuka kidogo tu, pengine upana wa kidole. Papo hapo nikatoa mlio mfupi wa ulimi, nikapeleka mkono kwenye kifuko cha kiunoni, nikampa kipande cha nyasi kavu zilizoshindiliwa. Mzee mmoja aliyefuga farasi maisha yake yote alikuwa ameegemea uzio akitutazama. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyo unamhonga. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Nilimwitikia tu, "Nimekusikia, mzee," nikaendelea na kazi. Tangu hapo nimeyasikia maneno hayo kwa vinywa vingi: unamdekeza, atakung'ata, hatakuheshimu, siku chakula kikiisha na utii umekwisha. Wanaoyasema si watu wabaya, na wengi wao wanawapenda farasi wao kwa dhati. Ila wanachokikosoa si kile ninachokifanya. Ni kitu kingine, kinachofanana nacho ukikitazama kwa mbali. Ndiyo maana naona inafaa kulifumua fundo hili taratibu, tangu mwanzo wake.

Mnyama yeyote, binadamu akiwamo, hurudia jambo lililomletea faida au nafuu, na huacha lisilomletea kitu. Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alilionyesha hilo kwa paka aliowafungia ndani ya visanduku. Mara ya kwanza paka alikwaruza huku na huku hadi akagusa komeo kwa bahati, mlango ukafunguka, akatoka na kupata chakula. Kila aliporudishwa ndani, muda wa kujifungulia ulizidi kuwa mfupi. Miaka ya 1930 mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, B. F. Skinner, alilichambua jambo hilo kwa undani zaidi, na kutoka kwake tukarithi maneno yanayowatatiza watu hadi leo: uimarishaji chanya na uimarishaji hasi.

Mtu akisikia "chanya" anafikiri wema, na akisikia "hasi" anafikiri ukatili. Sivyo. Hapa maneno hayo ni ya hesabu tu, kujumlisha na kutoa. Uimarishaji ni chochote kinacholifanya tendo lirudiwe. Ukiliimarisha kwa kuongeza kitu ambacho mnyama anakitaka, huo ni uimarishaji chanya. Ukiliimarisha kwa kuondoa kitu kinachomkera, huo ni uimarishaji hasi.

Fikiria gari. Ukiliendesha bila kufunga mkanda, king'ora kinalia. Ukifunga, kinanyamaza. Hakuna aliyekupa zawadi, kero imeondoka tu, na kesho utafunga mapema. Hivyo ndivyo farasi walio wengi wanavyofunzwa duniani kote. Mpandaji anabana miguu ubavuni, farasi anapiga hatua, miguu inalegea. Anavuta vigwe, yaani kamba za kumwongozea farasi, farasi anasimama, vigwe vinalegea. Watu wengi, hata waliopanda farasi kwa miaka mingi, hawajaambiwa kwamba kinachomfundisha farasi si kule kubana bali kule kuachia. Mtu mwenye mkono mwepesi, anayeachia sawasawa na wakati wake, anaweza kufunza vizuri sana kwa njia hiyo, na sitamwita katili. Balaa huanza pale mtu anapochelewa kuachia au asipoachia kabisa. Farasi anabaki na kero isiyo na mlango wa kutokea. Anajaribu hili na lile, anaonekana mkaidi, na nguvu zinaongezwa: kwanza visigino, halafu lijamu, chuma cha mdomoni, iliyo kali zaidi, mwishowe mjeledi.

Adhabu iko upande wa pili, kwa kuwa lengo lake ni kulipunguza tendo. Farasi akiuma, anapigwa. Huenda akaacha kuuma, hilo silikatai. Lakini adhabu inajua kusema "usifanye hivi" tu, haijui kusema "fanya hivi". Ipo pia adhabu ya kuondoa kitu, kama mtoto kunyang'anywa simu. Mimi naitumia: Zuhura akinisukuma kwa kichwa, nachukua kifuko changu na kurudi nyuma hatua mbili kwa sekunde chache. Kwa hiyo sisi tunaofunza kwa tuzo hatujatupa mipaka. Tunachobadilisha ni kinachotangulia. Kwanza tunamwonyesha farasi la kufanya na kumlipa, badala ya kungoja akosee ndipo tumjibu.

Kwa nini mlio wa ulimi?

Hapa ndipo mtu anayetazama kutoka kwenye uzio asipoelewa. Kunyanyua ukwato upana wa kidole kunachukua nusu sekunde. Hadi mkono wangu ufike kwenye kifuko, utoe kipande na kukifikisha mdomoni, Zuhura ameshaukanyagisha mguu chini, amegeuza kichwa, pengine amepunga mkia kufukuza nzi. Nikimpa chakula wakati huo, ninalipia nini? Kupunga mkia?

Mlio ndio unaoziba pengo hilo. Kabla ya somo lolote nilikaa naye siku kadhaa nikitoa mlio na kumpa kipande, mlio na kipande, hadi masikio yake yakawa yanasimama kila ukisikika. Ni jambo lile lile mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliloliona kwa mbwa waliotokwa na mate kwa kusikia tu sauti iliyozoea kutangulia chakula. Baada ya hapo mlio unafanya kazi kama kitufe cha kamera: unaikamata sekunde ile ile na kumwambia farasi, hiki ulichokifanya sasa hivi ndicho kinacholipwa. Chakula kikichelewa sekunde mbili tatu hakuna kilichoharibika, kwa sababu ujumbe umeshafika. Wafunzaji wa pomboo wamezoea kutumia kipyenga kwa sababu hiyo hiyo, maana huwezi kumfikishia pomboo samaki akiwa hewani. Karen Pryor, aliyeanza kufunza pomboo huko Hawaii mwaka 1963, ni miongoni mwa walioieneza njia hii kwa wafugaji wa mbwa na farasi.

Hongo na ujira

Hongo hutolewa kabla. Unamwonyesha farasi karoti ili aingie kwenye gari la kubebea farasi, naye anaifuata karoti huku macho yake yakiwa kwenye karoti. Hajifunzi chochote kuhusu gari. Siku atakayoliogopa gari kuliko anavyoipenda karoti, atasimama, na wewe utabaki na karoti mkononi. Wanaokosoa wameiona picha hiyo mara nyingi, na wako sahihi kabisa kwamba haifai.

Ujira huja baada ya kazi. Chakula kimefichwa kwenye kifuko, mikono yangu mitupu iko pembeni, na Zuhura hana cha kufuata isipokuwa kufikiri. Anafanya jambo, anasikia mlio, analipwa. Mfanyakazi anayepokea mshahara mwisho wa mwezi hatumwiti mla rushwa. Na jambo likishamwingia vizuri, silipi kila mara tena. Nalipa mara moja moja, bila mpangilio anaoweza kuukisia, na mara nyingine badala ya chakula namkuna pale shingo inapoungana na mgongo. Mahali hapo farasi wenyewe hukunana kwa meno wakiwa malishoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 uligundua kwamba kumkuna farasi sehemu hiyo kunapunguza mapigo ya moyo wake. Ninapomkuna, mdomo wa juu wa Zuhura hurefuka na kuanza kutetemeka, na macho yake hulegea nusu. Hakuna mtu aliyeliona jambo hilo kwa karibu akaniuliza tena kama anafurahia.

Kuhusu kung'ata, lazima niseme ukweli. Wiki ya kwanza Zuhura alinipekua mifuko yote na kuivuta nguo yangu kwa meno. Wakosoaji waliliona hilo, na hawakukosea kuliona. Walikosea sababu. Kosa halikuwa la chakula, lilikuwa langu: nilianza kulipa miguu kabla sijafundisha adabu ya kupokea chakula. Somo la kwanza kabisa linapaswa kutolewa ukiwa upande wa pili wa uzio, na linahusu kichwa tu. Farasi akikuelekezea pua, hakuna kinachotokea. Akigeuza pua mbele, mlio, na chakula kinampata pale pale pua ilipo, mkono wako ukiwa umenyooka mbali na mwili wako. Mahali unapomlishia ndipo kichwa chake kitakapopenda kukaa. Ukimlishia karibu na tumbo lako, usishangae akija tumboni. Tulirudi nyuma, tukaanza upya kwenye uzio, na baada ya siku tano mifuko yangu haikuwa na habari kwake.

Kuna kitu kingine kinachowaponza wengi. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma ya mkia. Kipande cha chakula kilicho chini ya mdomo wake hakioni, anakitafuta kwa ndevu na midomo. Kidole kikiwa hapo, kitakamatwa pamoja na chakula, na mtu atasema ameng'atwa. Fungua kiganja, kiwe bapa.

Na chakula chenyewe kiwe kidogo na kisiwe na sukari nyingi. Farasi ameumbwa kula kidogo kidogo karibu siku nzima, hata saa 16. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, na hutoa asidi wakati wote, awe amekula au hajala. Vipande vya nyasi vinamfaa kuliko peremende. Mfunze akiwa amekula pia. Farasi mwenye njaa hana subira, na huo si wakati wa kumtaka awe na adabu.

Nani mkubwa wa nani?

Hoja inayorudi kuliko zote ni hii ya ukubwa. Farasi lazima ajue nani bosi, la sivyo atakupanda kichwani. Inasemwa kwamba hata kundini yupo mmoja anayetawala kwa mateke na meno. Ni kweli farasi wana vyeo kundini, lakini vyeo hivyo huonekana zaidi pale kunapokuwa na kitu cha kugombania, kama chakula kichache au nafasi finyu. Wakiwa malishoni muda mwingi huupitisha kwa kula, kukunana na kusimama pamoja, na kundi linaweza kuondoka kwa kumfuata mmoja leo na mwingine kesho. Zaidi ya hayo, farasi hanioni mimi kuwa farasi. Nikimtisha, kwake sijawa kiongozi wa kundi. Nimekuwa kitu cha kutisha chenye miguu miwili, na mnyama aliyeumbwa kuwindwa anajua jambo moja kuhusu vitu vya kutisha: kuvikimbia, au akibanwa, kuvipiga teke.

Wapo wanaodhani farasi hasikii mpaka usisitize. Kisa cha farasi Hans wa Berlin kinawajibu. Mwalimu mstaafu aliyeitwa Wilhelm von Osten alimfunza Hans kujibu maswali ya hesabu kwa kugonga ukwato chini, na mwaka 1904 jopo la wataalamu lilimchunguza lisione udanganyifu. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst ndiye aliyeifumbua siri, akaichapisha mwaka 1907. Hans hakujua hesabu. Alikuwa akimsoma muulizaji. Hesabu ya kugonga ilipofika kwenye jibu sahihi, kichwa cha muulizaji kilinyanyuka kidogo mno, bila yeye mwenyewe kujua, na farasi akaacha kugonga. Muulizaji asipolijua jibu, au asipoonekana, Hans alishindwa. Watu huisimulia hadithi hii kuonyesha kwamba Hans alikuwa mjinga. Mimi kila nikiifikiria nauliza, mnyama anayeona kichwa kikinyanyuka kwa kiasi hicho anahitaji mjeledi wa nini?

Na hofu haifundishi kile tunachodhani inafundisha. Agosti 2021, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, dunia nzima ilimwona farasi Saint Boy kwenye pentathloni ya kisasa, mchezo wa mashindano matano ambao katika lile la kuruka na farasi mshindani alipewa farasi asiyemfahamu na dakika 20 tu za kuzoeana naye. Saint Boy alikataa kuruka. Mpandaji akalia juu ya mgongo wake huku akimchapa, na kocha akaonekana akimpiga farasi ngumi, kosa lililomfanya aondolewe mashindanoni. Kadiri alivyopigwa ndivyo alivyozidi kukataa. Baadaye shirikisho la mchezo huo liliamua kuondoa farasi kabisa baada ya Olimpiki ya Paris ya 2024 na kuweka mbio za vizuizi badala yake. Wengi walibishana kuhusu mpandaji. Mimi niliyatazama macho ya farasi, weupe wake ukionekana wote.

Lakini kuna hali inayoniumiza zaidi ya hiyo, kwa sababu watu huisifu. Ni farasi aliyekwisha kukata tamaa. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbwa waliopewa maumivu wasiyoweza kuyazuia, baadaye hata njia ya kutoka ilipokuwepo, wengi wao walilala chini na kuvumilia. Farasi wa namna hiyo husimama kimya, masikio yamelegea pembeni, jicho limezama ndani, hashtuki, haulizi. Mnunuzi anaambiwa ni mtulivu. Farasi mtulivu wa kweli anakugeuzia sikio ukiongea. Kabla hujausifu utulivu wa farasi, tafuta sikio hilo.

Utafiti unasemaje? Nchini Ufaransa, mtafiti Carol Sankey na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo ya farasi wachanga waliofunzwa wakipewa chakula na wengine bila chakula. Waliopewa chakula walijifunza vizuri zaidi, na miezi kadhaa baadaye bado walikuwa wakijisogeza kwa watu. Kuhusu mjeledi, utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wa mwaka 2011 ulipima kasi ya farasi wa mashindano na kuona kwamba walikuwa na kasi kubwa zaidi kabla ya mita 400 za mwisho, sehemu ambayo hawakuchapwa. Kuchapwa baada ya hapo, wakiwa wamechoka, hakukuleta tofauti katika nafasi walizomaliza. Wala wazo lenyewe si la kisasa. Xenophon, askari Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita na kupigana vita akiwa juu ya farasi, alionya kwamba mtu asimkaribie farasi akiwa na hasira.

Sidai kwamba njia hii haina ugumu. Inataka uangalie kwa makini kuliko ulivyozoea, na mlio wa kizembe unafundisha uzembe. Farasi asiyeelewa unachotaka anaweza kukasirika, akaparua ardhi, na hapo kosa ni lako kwa kuruka hatua. Siku ya dharura, moto ukiwaka bandani, nitamvuta Zuhura kwa kamba na sitamwomba ruhusa. Sijaacha kumbana kidogo kwa miguu nikiwa mgongoni mwake, ila kubana sasa kunafuatiwa na kuachia na mara nyingi na mlio. Anayetaka kuanza asianze na jambo kubwa. Aanze na pua kugusa mpira mwishoni mwa fimbo, dakika tano kwa siku, aache farasi akiwa bado anataka.

Mzee wa uzioni nilimrudia baadaye. Nilimwambia methali yake ni ya kweli: anayemwacha mwanawe afanye atakavyo kwa kuogopa kilio chake, atalia mwenyewe. Ila mimi simwachi Zuhura afanye atakavyo, nikamwambia. Namfundisha kitu kimoja kwa wakati, namlipa akikifanya, na asipokifanya hapati. Alinyamaza kidogo akauliza, "Na akikataa kabisa?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu lake liko kwenye ubao mdogo niliopigilia ukutani, usawa wa pua ya Zuhura. Nilimfundisha kuuegemeza mdomo hapo na kutulia. Mdomo ukiwa ubaoni, ninaendelea: nasafisha kidonda, nanyanyua mguu, daktari anapima. Akiutoa, kila mkono unasimama. Mwanzoni aliutoa kila baada ya sekunde tatu, kama anayejaribu kuona kama nasema kweli. Alipohakikisha kwamba tunasimama, akaanza kuuacha pale kwa muda mrefu zaidi.

Mwezi uliopita alitakiwa kuchomwa sindano shingoni, kitu ambacho zamani kilihitaji watu watatu na kamba mbili. Daktari wa mifugo alipaka dawa ya kusafishia, Zuhura akasikia harufu yake, akautoa mdomo ubaoni na kunyanyua kichwa. Daktari akanitazama. Nikamwomba asubiri. Akashusha mkono wenye sindano hadi pajani, tukasimama wote watatu bila neno. Zuhura akavuta pumzi ndefu, akarudisha mdomo ubaoni mwenyewe, na sikio moja akamgeuzia daktari.